Sura ya Tisa: Sulieti Asimama Mbele ya Bakuli

Kitendawili. Mfalme wa nyumbani kwetu hana taji wala ndevu, lakini akikohoa, baba mwenye nyumba anasimama. Ni nani?

Mtoto yeyote wa Tonga atakujibu kabla hujamaliza kutega: ni shangazi. Na shangazi wa nyumba ya Semisi alikuwa Lupe, mwanamke mwenye mabega ya mpiga makasia na sauti ya kengele ya kanisa. Huyo ndiye aliyesimama siku ya Krismasi, mbele ya kwaya na mchungaji na watu wote waliorudi likizo, akatangaza kwamba binti wa kaka yake, Sulieti, amepata nafasi chuo kikuu cha Auckland, na ataondoka mwezi wa pili. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akalia. Semisi akainamisha kichwa huku anatabasamu, maana neno la dada yake likishatoka halirudi mdomoni. Sulieti mwenyewe alikuwa amekaa na waimbaji wa sauti ya kwanza, kitabu cha nyimbo kifuani. Hakuna aliyemtazama usoni.

Hakuna aliyemwuliza, pia.

Mimi Losaline nilimtazama. Mimi ni dada wa marehemu baba yao Lupe na Semisi, kwa hiyo mfalme naye ana mfalme wake. Sulieti ananiita Bibi, na siku ile ya kanisa niliona midomo yake imefungwa kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki na hataki wageni wajue.

Mwezi mzima aliubeba mfupa ule. Ikafika Jumamosi ya mchango. Wanaume wa klabu ya kava, kinywaji chetu cha mizizi, walikuwa wamekubali kunywa mchana kutwa kwa ajili ya ada yake, na kila atakayekunywa atatoa chochote. Asubuhi tulikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, yeye na mimi, tunamenya majimbi.

"Bibi," akaniambia, kisu mkononi, "mwambie wewe."

"Nimwambie nani, nini?"

"Shangazi. Kwamba siendi. Nitasoma hapa hapa, chuo cha visiwa, nusu saa kwa basi. Ukisema wewe, hana la kujibu."

"Kweli hana. Nikikohoa tu, atakaa chini."

"Basi kohoa, Bibi."

Nikacheka mpaka jimbi likanitoka mkononi. "Nikikohoa leo, kesho watasema Sulieti alibaki ili amkande bibi yake miguu. Unataka hayo?"

Akaingiza kisu kwenye jimbi lingine. Nikamwambia, "Kitendawili."

"Bibi, jamani, si sasa."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nyumba yangu mlango wa kuingilia mpana, wa kutokea mwembamba."

Tangu ana miaka minne nilimfundisha jibu: mtego wa samaki. Lakini siku hiyo hakuinua hata macho. "Chuo cha Auckland," akasema.

Mkono wangu ukasimama.

"Yule Toakase wa hapa kwetu aliingiaje, Bibi? Kwa ngoma na mashada ya maua mpaka uwanja wa ndege. Mwaka mmoja tu, ada ikakata. Sasa anafanya nini?"

"Anapanga maboga kwenye makasha."

"Na kofia ya kile chuo bado anavaa. Anapanga maboga na kofia kichwani. Mimi nikimwona naumwa hapa." Akajigusa chini ya koo. "Ada ya mwaka mmoja kule ni vitambaa kumi na vinne vya ngatu. Nimepiga hesabu. Wewe na Mama mtagonga magome mpaka vidole vigande. Baba atakodisha shamba la vanila. Mdogo wangu Maka atatolewa shule, naye yuko kidato cha tano. Na hapa je? Ngatu mbili, Bibi. Mbili! Nimeuliza vyuo vyote viwili, nimelinganisha vitabu. Hisabati ya mwaka wa kwanza ni ile ile, kurasa kwa kurasa. Sitaki watu waone nimekwenda. Nataka waone nimemaliza."

Nimesoma darasa saba tu. Lakini najua kitu kilichopimwa vizuri nikikiona.

"Maneno hayo hayo mwambie Shangazi," nikamwambia.

"Naogopa."

"Ogopa tu. Lakini ogopa ukiwa umesimama."

Akafuta mikono, akachukua ndoo kwenda kuteka maji ya kava kwenye tangi la mvua. Na hapo sasa niseme kwamba sikuwa nachungulia. Dirisha la jiko halina pazia, na masikio yangu Mungu hajayachoka.

Kepueli alikuwa anamngoja kwenye tangi.

Kijana huyu ni mtoto wa mjane wa njia ya pwani. Kila mwaka miezi sita yuko Nyuzilandi akichuma matufaha kwenye mashamba ya watu, miezi sita yuko hapa akifunga vanila ya mama yake. Alirudi kabla ya Krismasi, mweusi wa jua, mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Tangu amerudi, kila Jumapili nilikuwa naona jambo ambalo wazee tunalijua: mtu anafika kwa mwenzake bila kuinua mguu. Ni macho. Yanavuka viti vyote vya kanisa, yanamruka mchungaji, yanatua yanakotaka.

"Ndoo hiyo nzito," Kepueli akasema.

"Nilibeba ndoo kabla sijakujua."

"Ndiyo. Lakini sasa unanijua."

Akashika mpini upande mmoja, Sulieti kaushika upande wa pili, ndoo ikabaki katikati haiendi mbele wala nyuma. Maji yalikuwa yamejaa yanamwagika na hakuna aliyefunga bomba. Nikataka kupiga kelele juu ya maji. Nikajizuia.

"Nina kitu chako," akasema. Akatoa bahasha kifuani, ndani ya shati. "Ni msimu mzima. Sijaigusa."

"Kepueli, hizo si ndizo pesa za mbao za nyumba?"

"Nyumba itangoja. Sikiliza, Sulieti. Kutoka mashambani hadi Auckland ni basi moja. Nimeuliza ratiba. Napanda Jumamosi jioni, nafika alfajiri. Jumapili nzima ni yetu. Hakuna shangazi, hakuna binamu wa kuhesabu tumekaa umbali gani. Tutakaa kwenye benchi kama watu."

Sulieti akacheka, japo hakutaka. "Na kwenye benchi tutakula nini?"

"Matufaha. Nitakuja na mfuko mzima."

"Utakuwa umeyachoka."

"Nikiwa na wewe? Nitakula mpaka mbegu."

Jamani, nilimwona mtoto wangu akiliona lile benchi. Nilimwona akikaa. Macho yake yalienda mbali yakabaki huko, na vidole vyake kwenye mpini vikasogea mpaka vikagusa vya kijana, vikatulia hapo. Kama angesema ndiyo wakati ule, hata mimi nisingemlaumu.

Akafunga bomba.

"Siendi, Kepueli."

"Unasemaje?"

"Nasoma hapa. Mwaka huu na mwaka ujao, na wa baada yake."

"Lakini pesa hii hapa! Ukiongeza na ya mchango..."

"Umeuliza ratiba ya basi," Sulieti akasema polepole. "Mimi hukuniuliza."

"Nilidhani..."

"Shangazi naye alidhani."

"Mimi si Shangazi yako!"

"Hapana. Shangazi hanikoseshi usingizi."

Kijana akatikisika kama aliyepigwa na wimbi mgongoni. "Kama hulali kwa ajili yangu, basi njoo! Miezi sita, Sulieti. Kila mwaka miezi sita sikuoni. Kule wenzangu wananicheka, naongea na simu kama kichaa."

"Na nikija kwa mbao zako, halafu mwaka wa pili ada ikakata? Nitakuwa nimeila nyumba yako, na shahada sina. Kila nikikutazama nitaona deni. Sitaki kukutazama nione deni. Nataka kukutazama nikuone wewe."

"Kwa hiyo umechagua chuo cha bei nafuu tusionane."

"Nimechagua chuo nitakachomaliza."

"Na mimi je?"

Sulieti akainua ndoo peke yake, akaenda. Kepueli akabaki pale na bahasha yake, maji yanamdondokea viatuni.

Saa nane ukumbi ulijaa. Wanaume wamekaa mduara kwenye mikeka, Mzee Uaisele, mwenyekiti wa klabu, kwenye nafasi ya juu. Sulieti nyuma ya bakuli la kava, ua nyuma ya sikio, mkeka wa heshima kiunoni, anachota kwa kifuu. Mdogo wake Maka yuko nje kwenye banda la baiskeli, kwa sababu ndugu wa kiume hakai mahali dada yake anapotaniwa. Wanawake tuko nyuma na sufuria za majani ya majimbi na nyama. Shangazi Lupe yeye yuko kwenye kiti, karibu na mlango, kila anayeingia apite kwake kwanza.

Wanaume wakaanza zao.

"Binti, kava hii kali! Umeikoroga kwa hasira ya nani?"

"Ya yule anayeangalia dari," mwingine akajibu, akimwonyesha Kepueli kwa kidevu. "Kijana, dari imekukosea nini?"

"Mwacheni, anahesabu matufaha!"

Vicheko. Sulieti hakucheka, wala hakukasirika. Anachota, anapitisha, anapokea kifuu, anachota.

Mzee Uaisele akapiga makofi mawili. "Ndugu zangu, mmetoa vizuri. Mungu awarudishie. Kava hii ni ya kumpeleka binti yetu Auckland..."

Sulieti akaweka kifuu chini. Akasimama.

Binti wa bakuli hasimami kabla kava haijaisha. Miaka yangu sabini na tatu sijawahi kuona.

"Mzee Uaisele, nisamehe. Baba zangu, nisameheni. Kava hii nimewachotea mimi, na sitaki mtu anywe kitu asichokijua." Akafumbata mikono mbele ya mkeka. "Siendi Auckland. Nitasoma chuo cha hapa. Hakuna aliyenikataza, wala alama zangu hazikupungua. Ada ya kule ningeweza kuianza, nisingeweza kuimaliza. Ya hapa nitaimaliza, na wadogo zangu watasoma. Mchango mlioutoa, mlitoa kwa safari. Anayetaka kuchukua chake, achukue, nitamshukuru vile vile."

Kisha shemasi mmoja, mtu wa sheria sana, akajikohoza. "Mimi nilichangia Auckland," akasema. Akanyoosha mkono kwenye kapu la mchango, akatoa noti zake, akavaa kandambili, akatoka. Sulieti akamwinamia kichwa hadi alipopita mlango. Sikumbuki kama niliwahi kujivunia shingo ya mtu kama nilivyojivunia ile.

Ndipo kiti cha Lupe kikalia.

"Nilijua!" Shangazi alikuwa amesimama, kidole kimeelekea upande wa pili wa mduara. "Nilijua ni huyu mchuma matufaha! Wewe Kepueli, umeona mtoto wa kaka yangu anapanda, ukamshika sketi! Unaogopa akisoma kule atakuona mdogo. Umemwambia abaki. Sema!"

Nilitazama wale wanaume, nikaona wengi wanakubali kimoyomoyo. Hiyo ndiyo hadithi rahisi, na kijiji kinapenda hadithi rahisi. Sulieti akafungua mdomo. Kama angejitetea yeye, wasingemwamini.

Kepueli akainuka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Shangazi, mimi nilikuwa upande wako."

"Upande gani?"

"Wa Auckland. Nilimbembeleza aende. Leo hii hii, pale kwenye tangi." Akatoa bahasha, akaishika juu watu waione. "Hii ni mishahara yangu ya msimu mzima. Nilimpa yote. Nilikuwa nimeshauliza na basi la kwenda kumwona. Amenikatalia, Shangazi. Kama alivyokukatalia wewe. Mkitaka kusema amebaki kwa ajili ya mwanamume, tafuteni mwanamume mwingine, maana mimi nimeshindwa naye."

Ukumbi ulipasuka. Mzee Uaisele alicheka mpaka akashika mbavu. "Lupe! Kumbe jeshi lenu ni moja! Mmepigwa wote wawili na binti wa bakuli!"

Lupe hakucheka. Alimtazama kijana kwa muda. "Mishahara yote?"

"Yote, Shangazi."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

Lakini nilimlea Lupe, namjua. Neno lile alilisema kwa sauti anayotumia kwa watoto anaowapenda.

Sulieti akavuka mduara. Akaenda akakaa chini, miguuni pa shangazi yake, kichwa kimeinama, kama inavyotakiwa. "Shangazi, uliwaambia kanisani kwamba binti wa kaka yako atapata shahada. Nisaidie nisikufanye mwongo. Kule ningekufanya mwongo mwaka wa pili tu."

Kikohozi kilinijia kooni, nikakimeza. Haikuwa zamu yangu.

"Hesabu hizi kakufundisha nani?" Lupe akauliza.

"Wewe. Sokoni. Ukiuza ngatu."

"Mimi siuzi ngatu kwa bei ya kutupa."

"Na mimi sinunui chuo kwa bei ya kujionyesha."

Nilimwona Lupe akijitahidi. Uso wake ulipigana na wenyewe, pua ikapanuka, mdomo ukakaza, halafu ukashindwa upande mmoja. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuhutubia taifa.

"Mnakodoa nini?" akawageukia wanaume. "Hamjawahi kuona mtoto mwenye akili? Ngatu mbili za mwaka wa kwanza zipo kwangu, zimekunjwa tayari. Kesho nitasimama kanisani niseme tena, na atakayeguna nitamjua kwa sauti. Semisi!"

"Naam, dada."

"Siku ya kumaliza, mkeka wa kiunoni namfunga mimi. Si mama yake."

"Ni haki yako, dada."

"Najua ni haki yangu. Nakukumbusha." Akaketi, kiti kikalia tena. "Na kapu lirudi katikati. Ule upungufu wa shemasi naona aibu kuutazama."

Kapu likazunguka. Watu wakatoa tena, wengine mara ya tatu. Sulieti akarudi nyuma ya bakuli, akachota, na kifuu cha kwanza akampelekea mwenyekiti, kama kawaida. Cha pili kilikuwa cha Kepueli. Akakileta mwenyewe, hakukipitisha kwa mikono ya watu. Akapiga goti mbele yake, wakatazamana, na wazee wote wakajifanya wanatafuta kitu mikekani.

"Umewaambia watu nimekukataa," Sulieti akasema chini kwa chini.

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Nilikataa bahasha."

Kepueli akakishika kile kifuu kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Na mimi uliniacha na swali kwenye tangi."

"Jenga nyumba yako, Kepueli. Kachume matufaha yako. Ukirudi utanikuta mahali pale pale, ila nitakuwa najua mambo mengi zaidi."

"Miezi sita."

"Miezi sita, mara tatu."

"Utahesabu?"

"Mwenye hisabati ni nani kati yetu?"

Kepueli akanywa yote kwa mara moja, akampa kifuu mkononi, vidole kwa vidole, akainuka, akaja kukaa nyuma upande wetu. Wanaume kadhaa nimewaona wakikubaliwa na wasichana hadharani, nao wakarudi mikekani mwao wamenyoosha mgongo. Lakini aliyekataliwa mbele ya kijiji kizima akatembea hivyo, kichwa juu, kama aliyekabidhiwa bendera ya nchi, nimemwona mmoja tu, na niliposonga kumpisha apite, mimi mwanamke wa umri huu, nilijikuta nimesimama kwa heshima yake.